Mwaka Huu Hautaisha

Mama Stoo alikuwa amepanga kufa mwaka 2046, si kabla. Alilisema jambo hilo wazi mbele ya majirani, mbele ya daktari, na mara moja mbele ya kijana wa bima ya maisha, ambaye aliondoka bila kuuza kitu na bila kuelewa kitu. Alfajiri alikuwa barabarani na raba zake, anatembea kama mtu aliyeachwa na basi. Sukari aliikata, chumvi akaipunguza. Ukimuuliza anajitunza hivyo kwa ajili ya nini, anakujibu kwamba ana mgeni anakuja 2045, na si adabu mwenyeji kuondoka mgeni hajafika.

Mgeni mwenyewe alikuwa mumewe.

Mume huyo alikuwa mchomeleaji wa vyuma, fundi wa kweli, na mtu wa mizaha kupita kiasi. Walipata mtoto mmoja tu, wa kike, baada ya mimba tatu kuharibika na akiba yote kuishia hospitalini. Mtoto alizaliwa na kilo moja na nusu. Baba alimtazama akiwa ndani ya nguo alizofungwa, akasema, "Haya, mke wangu. Tumetoa noti nzima, tumerudishiwa chenji." Basi jina likaganda. Mpaka leo, ana miaka thelathini na minane, ni msusi mwenye saluni yake na wateja wa kusubiri foleni, watu wanamwita Chenji.

Alikuwa na miezi mitano baba alipopata kazi na kampuni ya kujenga madaraja nchi za mbali. Kila daraja nchi yake, na kila nchi alituma barua yenye sarafu ndani: "Mpe Chenji chenji yake." Sarafu zikajaa kopo la maziwa ya unga. Nyingine zilikuwa na tundu katikati, nyingine zina samaki, nyingine zina mfalme mwenye shingo nene. Chenji hakumkumbuka baba yake hata kwa sauti. Utotoni alikuwa akizitoa sarafu moja moja na kuzinusa, maana aliambiwa baba alikuwa akinuka chuma, na yeye alitaka kujua mtu mwenye harufu hiyo anakuwaje.

Barua ya mwisho haikuwa barua hasa. Ilikuwa kipande cha karatasi kilichokunjwa kuzunguka sarafu moja nyepesi, yenye mlima upande mmoja na maandishi ya mikunjo mikunjo upande wa pili. Kwenye karatasi baba aliandika hivi:

"Chenji hii imeandikwa 2045. Mwaka huu hautaisha sijafika mlangoni. Ukiisha hujaniona, usinisubiri tena, nihesabu nimepotea."

Baada ya hapo, kimya. Mama Stoo aliiandikia kampuni. Kampuni ikajibu mistari miwili: fundi alimaliza kazi mwezi wa kumi na moja, akalipwa haki zake, akaondoka kwa barabara. Kwenda wapi, hawakusema.

Sasa mtu mwingine angeuliza: sarafu imepigwaje leo, iandikwe mwaka ambao haujafika? Lakini Mama Stoo hakuitwa Mama Stoo bure. Kazi yake, tangu usichana mpaka anastaafu, ilikuwa stoo ya dawa ya hospitali. Kila siku alishika chupa na pakiti, akageuza, akatafuta mwaka. Kwake yeye mwaka ulioandikwa kwenye kitu kamwe haukuwa mwaka wa kuzaliwa kwa kitu. Ulikuwa mwaka wa kuisha muda wake. Nyumbani kwake hata mswaki uliandikwa tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Kwa hiyo aliposoma 2045 alielewa mara moja: huko inakotoka hii, hata hela ina siku yake ya kuisha, na mume wangu ameweka ahadi yake hapo. Na sheria ya stoo ilikuwa inajulikana. Kilichopitwa na muda hakikai. Ambacho muda wake haujaisha, huna ruhusa ya kukitupa.

Majirani walimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akawajibu mstahimilivu hula mbivu. Walimwambia mumewe ameoa huko. Akawajibu kwamba hata kama ameoa, ahadi ni 2045, na huyo mwenzake atamsindikiza.

Tatizo likaja kwenye macho. Mtoto wa jicho alianza jicho la kulia, kisha la kushoto, mpaka Mama Stoo akawa anaisalimia nguo iliyoanikwa kwenye kamba akidhani ni jirani. Upasuaji ulihitaji fedha kuliko pensheni na saluni vikijumlishwa. Ndipo siku moja mwenyewe alipolishusha kopo kutoka juu ya kabati.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Sasa mimi nataka nitangulie kupona. Akifika nisimpe mkono jirani nikamwacha yeye. Hizi nenda nazo kwa mtu anayejua, akwambie zina thamani gani. Akitoa bei ya maana, uza."

"Zote, mama?"

"Hii ya kwenye karatasi usiuze. Ulizia tu. Nataka nijue muda wote huu nimekalia nini."

Chenji alitaka mali ya mama yake ivutie. Jioni hiyo alizimwaga sarafu kwenye beseni, akazisugua kwa limau na majivu mpaka zikang'aa kama vijiko vya harusi. Ile ya karatasi peke yake hakuigusa, kwa sababu ya karatasi.

*

Mtu anayejua alikuwa juu ya ngazi za jengo moja la zamani, katikati ya anayetoa fotokopi na anayechonga funguo. Ubao wake ulisema anatengeneza saa na ananunua sarafu za kale. Kibanda kilitosha meza, kiti, mzee mmoja na saa ishirini ukutani, kila moja na ukweli wake. Mzee aliinua uso, lenzi ikiwa bado imeng'ang'ania jicho la kushoto.

"Shikamoo."

"Marahaba," alijibu, kisha akatoa lenzi. "Ngoja. Wewe si Chenji wewe?"

Alikuwa Bwana Saa. Chenji hakuwa amemwona tangu shule ya msingi. Zamani alikuwa fundi wa saa za hospitali, akipita kila Ijumaa kuitia ufunguo saa ya ukutani ya stoo, na katika mfuko wake daima kulikuwa na kigurudumu kibovu cha saa kwa ajili ya mtoto. Chenji alijua pia, kama mtaa mzima ulivyojua, kwamba mwaka wa tisini na tatu alimposa mama yake. Mama alimjibu kwa adabu, "Rudi 2046, tutazungumza." Bwana Saa alicheka, akangoja mwaka mmoja na nusu aone kama ni mzaha, kisha akaoa kwingine.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, macho tu. Ndiyo yaliyonileta."

Alimimina sarafu mezani. Bwana Saa alizitazama zinavyomeremeta, na uso ukamshuka.

"Nani kazisugua?"

"Mimi, mzee. Na limau."

"Na mfalme naye hukummenya ngozi? Mwanangu, sarafu ya kale uchafu wake ndio kitambulisho chake. Ukimwosha umemvua miaka yake. Hapa umeosha nusu ya bei." Alisema hivyo bila hasira, akaanza kazi.

Kazi yenyewe Chenji aliipenda kuiangalia, maana ilifanana na kusuka: kugawa kwanza, kuvuta baadaye. Alizipanga mafungu. Akapitisha sumaku, zilizorukia sumaku akazitenga. "Hizi chuma tupu, mpe mtoto achezee." Zilizobaki alizipima moja moja kwenye mizani ndogo isiyozidi kiganja, akazigonga kwa ukucha akisikiliza sikioni, akazitazama ukingo kwa lenzi, akafungua kitabu kinene kilichokatika mgongo, akafuata kwa kidole. Kubwa haikuwa lazima iwe na bei. Kongwe haikuwa lazima iwe adimu. Mfalme mwenye shingo nene, ambaye Chenji alimwekea matumaini yote, alikuwa kapigwa kwa mamilioni. Mbili ndogo, zilizoonekana za kipuuzi, zilikuwa za madini ya fedha halisi. Na moja yenye tundu ilikuwa imepigwa vibaya, tundu limekaa pembeni, na kosa hilo ndilo lililokuwa na wanunuzi.

Alitaja jumla. Chenji alipiga hesabu kichwani.

"Hiyo ni jicho moja," alisema.

"Ningeongeza kama ungeacha limau kwenye chai." Bwana Saa alihesabu noti, akamkabidhi. "Na hicho ulichoshika?"

"Hii si ya kuuza. Mama anataka tu kujua thamani yake." Akaongeza kwa aibu kidogo, "Ndiyo ile ya 2045."

Bwana Saa aliipokea na karatasi yake, akaikunjua polepole, akairudisha lenzi jichoni. Saa ishirini zikapiga kelele zake. Aligeuza sarafu, akasoma zile namba za mikunjo, akafungua kitabu, akafunga, akafungua tena. Kisha akahesabu kwa vidole juu ya meza, mara mbili, kama mtu ambaye jibu analijua ila hataki kulipata.

"Thamani yake haifiki kiberiti," alisema mwishoni. "Zimejaa. Na 2045 ni kweli imeandikwa. Lakini, mwanangu, ni 2045 ya kwao."

"Ya kwao vipi?"

"Watu wa nchi hii wana kalenda yao. Iko mbele ya hii yetu miaka hamsini na saba. Baba yako alipotuma hii, huku tulikuwa themanini na nane. Kule walikuwa 2045. Sarafu ilikuwa mpya, ya mwaka ule ule. Mwaka wao unaisha katikati ya mwezi wa nne."

Chenji aliichukua karatasi. Alikuwa ameisoma mara elfu. Aliijua kama sala. *Mwaka huu hautaisha sijafika mlangoni.* Mwaka huu. Neno dogo namna ile, huu, na wote walikuwa wamelisoma kama kidole kinachoonyesha sarafu. Kumbe baba alisema tu kama watu wote wanavyosema. Mwaka huu. Huu tulio nao.

"Alikuwa anarudi," alisema.

"Ndani ya miezi michache. Alilipwa mwezi wa kumi na moja, akashika njia. Nchi ile ni milima, barabara zinaporomoka na watu." Bwana Saa alivua lenzi, akaifuta kwa shati ingawa ilikuwa safi. "Mimi nilimposa mama yako tisini na tatu. Mwaka huu wa kwake ulikuwa umeshaisha miaka minne nyuma. Alinitajia mwaka tu, sarafu hakunionyesha. Ningeiona ningeisoma."

Chenji aliitazama sarafu mezani.

"Lakini nani angeniamini?" mzee akaendelea. "Mposaji anasema mume haji tena. Hata mimi nisingejiamini. Nilioa, nashukuru, nina wajukuu. Msalimie." Akaikunja karatasi kama ilivyokuwa, kwa mikunjo yake ya zamani, akairudisha mikononi mwa Chenji kwa mikono miwili.

*

Njiani Chenji alilia mchana kweupe, na watu wakampisha.

Hakulia kwa huzuni peke yake. Maisha yake yote alikuwa na kinyongo na baba yake na hakuwahi kumwambia mtu. Mwanamume gani anamwambia mke wake amsubiri miaka hamsini na saba, kisha anaufanya mzaha? Kumbe mzaha haukuwepo. Mtu alikuwa amefunga mzigo, anakuja. Angemkuta ana miaka mitatu kasoro, anasema maneno nusu, na angemnyanyua, na yeye angejua ile harufu ya chuma inakaaje kwenye shingo ya mtu. Na miaka yake yote thelathini na minane, na mikono yenye mafuta ya nywele, alitaka kubebwa.

Kisha akafikiri juu ya mama, akapunguza mwendo. Mama alikuwa anaishi kwa sababu ya 2045. Raba, chumvi, mswaki wenye tarehe, macho yenyewe: vyote vilikuwa vya mgeni. Ukimwondolea mgeni, kesho alfajiri atamvalia nani raba? Atakubali kisu machoni ili amwone nani? Chenji alifika mlangoni akiwa ameshashona uongo wake: nitasema ni adimu mno, haina bei, itunze. Uongo mzuri, usio na mshono.

Mama Stoo alikuwa mezani, anaandika tarehe kwenye kopo la chumvi kwa kukisia, herufi zikipanda mlima.

"Mmeelewana?"

"Tumepata ya jicho moja, mama."

"Moja linatosha. Baba yako mwenyewe alikuwa akipima chuma anafumba moja." Akanyoosha mkono. "Na ile? Ina thamani gani?"

Chenji alimwekea kiganjani. Mama aliileta sarafu mpaka karibu na pua, akaifuata kwa kidole gumba, akatabasamu kama msichana aliyesikia hodi.

"Bado," alisema. "Bado muda wake."

Uongo ukamkauka Chenji mdomoni. Angeweza kumdanganya mtu mwingine yeyote. Mkono ule, ukipapasa namba ambazo haukuzijua, hakuweza.

"Mama, huo mwaka umeisha."

"Umeisha wapi?"

"Huko ilikotoka. Kalenda yao iko mbele ya yetu miaka hamsini na saba. 2045 yao ndiyo ilikuwa themanini na nane yetu. Baba alipoandika mwaka huu, alisema mwaka huu. Ule ule. Ule karatasi ilipokufikia."

Mama Stoo aliweka sarafu mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Uliisha lini?"

"Mwezi wa nne uliofuata."

"Nilikuwa na miaka ishirini na saba." Alisema hivyo tu, bila kulalamika, kama anasoma pakiti. Kisha akasema, "Kwa hiyo alivyoondoka kule alikuwa anakuja hapa."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anakuja." Akaipapasa tena sarafu. "Na mimi nilimnunia, mwanangu. Usiku na mchana nilimsubiri na nikamnunia. Nilikuwa nasema moyoni, huyu ameona mimi jiwe, niwekwe tu miaka hamsini na saba, na yeye anazunguka dunia. Nilimpenda kwa hasira. Kumbe mwenzangu yuko njiani."

Chenji alisogeza kiti, akamshika.

"Nani kakusomea?"

"Bwana Saa. Anakusalimia. Ana wajukuu."

Mama alifumba macho. "Yule nilimwambia aje 2046," alisema, na kicheko kikamtoka bila ruhusa. "Stoo ya hospitali hawakuwahi kunikuta na kidonge kimoja kilichopitwa na muda. Hata kimoja! Kumbe nyumbani nimekaa nacho miaka thelathini na tano."

Ndipo akalia. Alilia kama mjane wa siku hiyo hiyo, na kwa kweli alikuwa mjane wa siku hiyo hiyo, na Chenji akalia naye, maana na yeye alikuwa amefiwa leo. Kopo la chumvi lilibaki mezani na nusu ya tarehe.

Walipotulia jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili. Noti za jicho moja zilikuwa bado pale, na Chenji alizitazama kwa woga.

"Na hospitali, mama?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Bado utaenda?"

Mama Stoo alipapasa meza mpaka akaipata karatasi. Akaikunjua, akaisogeza kwenye jicho la kulia, kisha la kushoto, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hakuona kitu. Akaikunja tena kwa mikunjo yake, akaishika kifuani.

"Jumatatu unipeleke," alisema. "Nataka nimsome mwenyewe. Mara ya kwanza nilimsoma vibaya."